Jina la Aliyezima Umeme wa Edwin

Kostelka, Texas
9 Machi 2021

Kwako mwanangu Delbert,

Salamu kwanza kwako, kwa Yolanda, na kwa yule binti yenu anayezungumza na simu yake kuliko anavyozungumza na watu. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo ni la siku zote. Ng'ombe watatu walikufa kwenye barafu ile ya Februari, wakubwa wawili na ndama mmoja. Bomba la jikoni lilipasuka nikakinga maji kwa masufuria siku nne, mpaka fundi alipopata nafasi. Jiko la kuni ndilo lililoniponya. Ninyi mliokuwa mkinicheka kwamba napikia jiko la bibi yangu, sasa mnyamaze.

Nashukuru mlikubali kumzika baba yako hapa badala ya huko mjini. Amelala pembeni ya mama yetu, kama alivyotaka. Zile keki ndogo za plamu, kolache zetu, zilizobaki niliwapa wanakwaya. Wewe hukula hata moja, nilikuona. Wala hukusema neno. Watu walikuja kukupa mkono, ukawa unatazama viatu vyao. Nilimwambia jirani yangu Lidie Marek kwamba umechoka, umekesha kazini siku tatu. Lakini nilikulea miaka miwili mama yako alipokuwa mgonjwa, kwa hiyo najua unavyokuwa ukichoka na najua unavyokuwa ukificha kitu. Hilo sitauliza leo.

Ninalouliza ni lingine. Simu siipendi, kwenye simu mtu huitikia tu ili amalize, ndiyo maana naandika. Nataka kujua ni nani alizima umeme wa mdogo wangu, baba yako.

Siulizi kampuni. Siulizi habari za gavana wala za hali ya hewa. Umeme haujizimi. Kuna mtu alikaa mahali, akanyoosha mkono, akazima laini inayokwenda nyumbani kwa Edwin. Mashine ya oksijeni ikanyamaza, na mzee wa miaka sabini na sita akafa kwa baridi na kukosa pumzi ndani ya nyumba aliyomaliza kuilipia. Mtu huyo ana jina. Wewe unafanya kazi kwenye chumba hicho hicho wanachozimia na kuwashia. Niulizie.

Ukinipatia jina, sitamfanyia kitu. Nitamwandikia barua tu. Nimekwisha kuiandika, imebaki kuweka jina juu.

Shangazi yako,
Georgine


Alder Park, Texas
18 Aprili 2021

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili Machi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikianza kuijibu na kuacha. Yolanda anakusalimu. Amepata zamu za asubuhi kule shuleni, sasa walau tunaonana jioni. Kayleigh naye anakusalimu, na anasema anajua sana kuzungumza na watu, ila watu hawana jipya. Pole kwa ng'ombe, hasa ndama.

Kila Jumapili nakwenda kusafisha nyumba ya baba. Kazi kubwa ni sanduku la barua. Unajua huku kwetu umeme unauzwa kama nguo za mnadani. Kampuni ziko zaidi ya mia, kila moja na bei yake, wakati nyaya ni zile zile na umeme ni ule ule. Huyu anasema usiku bure. Yule anasema Jumamosi na Jumapili bure. Mwingine anakupa yuniti kwa senti saba miezi mitatu ya kwanza, baada ya hapo utajijua. Baba alikuwa anahama kila mwaka akifuata nusu senti, ulikuwa mchezo wake. Juzi nimekuta bahasha kumi na tisa, zote zinamwita "Mpendwa Bwana Edwin, usipitwe na nafasi hii." Moja imemwahidi zawadi akikaa nao hadi 2024.

Kuhusu uliloniuliza, mambo hayaendi hivyo, Shangazi. Mitambo iliganda jimbo zima, ya gesi, ya makaa ya mawe, mpaka mapangaboi ya upepo huko magharibi. Wasimamizi wa gridi walitoa amri kila kampuni ya nyaya ikate kiasi chake, la sivyo jimbo zima lingekaa gizani kwa majuma. Amri ilishuka ngazi kwa ngazi, ikafika kwetu, ikatekelezwa. Ulikuwa mgao wa umeme. Hakuna mtu mmoja.

Nikwambie na jambo jingine, usije ukalisikia kwa mtu baki. Kuna orodha ya wagonjwa wanaotegemea mashine. Kuwamo hakukuzuii kukatiwa, kwa sababu laini moja ina nyumba elfu mbili, huwezi kuichagua moja ukaiacha. Lakini waliomo hupigiwa simu mapema. Jumapili ile mchana, siku moja kabla ya mgao, ofisi yetu iliwapigia wote, ikawaambia waende hospitali, au kwa ndugu, au watafute mitungi ya akiba. Baba alikuwamo kwa miaka miwili. Usajili wake uliisha Novemba. Alikuwa ametumiwa barua ya kukumbushwa, daktari aweke saini upya, naye hakuirudisha. Sijui aliifanyia nini barua ile. Nimepekua nyumba nzima.

Tunza goti.

Wako,
Delbert


Kostelka
27 Aprili 2021

Kwako Delbert,

Barua yako imefika jana nami najibu leo, nione kama utaona haya. Mvua imenyesha ya kutosha, malisho yamerudi. Lidie Marek ameteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika kifundo cha mguu, na jinsi anavyosimulia utadhani aliangukia vitani. Msalimie Yolanda. Mwambie mbegu za maboga alizonipa zimeota zote.

Kuhusu hiyo barua ya daktari sina la kusema.

Umejaza ukurasa kunieleza kwamba hakuna aliyezima. Mwanangu, amri haina mkono. Hapa kwetu tuna ushirika wetu mmoja wa umeme tangu marehemu baba alipolipa dola tano kujiunga. Hatuchagui bei, wala hatuandikiwi barua za mapenzi na wauzaji. Tunaletewa bili moja kwa mwezi, na kalenda mwisho wa mwaka. Wiki ile ya barafu walitukatia kwa muda wa saa mbili, wakatuwashia, wakawakatia wengine, wakawawashia. Meneja namjua kwa jina na kwake napajua. Nilimpigia nikamsema mpaka nikaishiwa maneno, akaniambia, "Mama Georgine, wewe peke yako unanisema vizuri, wengine wananitukana." Pasaka akaniletea soseji. Kwa hiyo usinieleze kwamba mtu wa namna hiyo hajulikani.

Nikitoka nje naona bomba la moshi la mtambo wa makaa, na zile nguzo za chuma zinazovuka malisho yangu. Umeme unatengenezwa hapa, unapita juu ya ng'ombe wangu, unakwenda kwenu. Edwin alisimamisha baadhi ya nguzo hizo yeye mwenyewe. Miaka thelathini na minane alipanda nguzo ili watu wapate taa, halafu mwisho wa waya huo huo akafa amevaa koti lake la kazi. Nina hasira, Delbert. Naamka nayo, nalala nayo, na haina pa kwenda. Nipe jina iende huko.

Mwezi ujao kuna kikao kwenye bunge la jimbo huko Austin, kamati inasikiliza wananchi. Parokia inakodi basi. Nimejiandikisha.

Georgine


Alder Park
12 Mei 2021

Shangazi mpendwa,

Natumaini Bi Lidie anaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Nimepata mtu wa kununua nyumba ya baba, lakini bado tunaandikishana.

Nakuomba usiende Austin. Ni mwendo wa saa mbili na nusu, joto limeanza, na goti lako unalijua. Mtapewa dakika tatu tatu, na wale waheshimiwa watakuwa wanatazama simu zao. Hutapata unachokitafuta. Mwisho wa mwezi tutakuja sisi huko. Tutakaa tuzungumze, mimi na wewe, ana kwa ana.

Sijawahi kukuomba kitu tangu ulipokuwa unanifunga kamba za viatu.

Delbert


Kostelka
23 Mei 2021

Kwako Delbert,

Nimekwenda. Barua yako ilinikuta nimekwisha kupiga pasi gauni. Salamu kwa wote. Goti limevimba kama ulivyotabiri, basi furahi.

Tulikuwa watu thelathini na mmoja kwenye basi, na kila mtu alikuwa na lake. Aliyekaa pembeni yangu alimpoteza mama yake. Mwingine alikuwa na bili ambayo ingeweza kununua trekta, kwa sababu muuzaji wake alikuwa anapandisha na kushusha bei kila saa, na wiki ile ilipanda tu. Tukafika, tukapewa namba, tukangoja tangu asubuhi mpaka saa tisa. Niliyekuwa nyuma yake alilia dakika zake zote tatu na hakuna alichosema. Mimi nilijiapiza kutolia.

Nikasema, "Sijaja kuuliza bei ya gesi. Sijaja kuuliza kampuni ngapi zinauza umeme. Nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja, na kama ananisikia, nina neno naye. Ulipozima laini ile ulijua kuna watu mwisho wake. Wewe huna baba. Mwenye baba asingefanya vile."

Ukumbi ulipiga makofi. Mwenyekiti akanishukuru kwa kuja, akaita namba nyingine. Nikarudi kwenye kiti changu nikidhani nitasikia nafuu, na sikuisikia. Njia nzima nilitazama dirishani.

Lidie anasema nilionyeshwa kwenye televisheni. Kama uliniona niambie nilionekanaje, maana nywele zilikuwa zimekaa ovyo.

Mlisema mwisho wa mwezi. Nimemchagua kuku. Nitapika supu ya tambi.

Shangazi yako,
Georgine


Alder Park
3 Agosti 2021

Shangazi,

Sote ni wazima. Kayleigh amefaulu mtihani wa udereva alipoujaribu mara ya tatu, na sasa Yolanda ndiye anayeumwa kichwa. Pole kwa supu. Mizigo ilikuwa imefungwa. Mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani dakika ishirini nikashindwa kuwasha gari, kisha nikarudi ndani, nikawaambia naumwa.

Nilikuona. Kazini tuna televisheni kwenye chumba cha mapumziko, tulikuwa watano. Nywele zilikaa vizuri. Nilisikia ulilosema. Mwenzangu mmoja, Ramiro, akainuka akazima televisheni bila kunitazama.

Jina ulilolitaka ni langu. Mimi ndiye niliyezima.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu ulitaka kujua na kwa sababu siwezi tena kukwepa. Jumatatu ile alfajiri mimi na Ramiro ndio tuliokuwa zamu. Mbele yetu kuna skrini, na orodha ya laini zinazoruhusiwa kukatwa. Zenye hospitali na pampu za maji zimekwisha kuondolewa. Amri inakuja kwa simu, kateni kiasi hiki, mna dakika chache. Unachagua laini, kompyuta inakuuliza kama una hakika, unabonyeza ndiyo. Hakuna mlio wowote. Namba inabadilika rangi tu. Nilikata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nane ilikuwa laini ya baba. Ningeijua namba ile hata usingizini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kwenye kikosi kilichoijenga.

Ramiro akasema, "Hiyo si ya mzee wako? Iruke, bwana, chukua inayofuata."

Nikamwambia, "Na inayofuata ina wazee wa wenzetu."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu, Shangazi. Nilijiona mwadilifu. Baba ndiye aliyenifundisha kwamba fundi hawashi kwake kabla ya kwa jirani, na nilifikiri angejivunia akisikia. Tena siku zote mgao ulikuwa wa dakika arobaini na tano, unawakatia hawa, unawawashia wale. Jana yake mchana alikuwa ameniambia ana mtungi mdogo wa oksijeni wa saa chache. Nilidhani yumo kwenye orodha, nilidhani amepigiwa simu na kujiandaa. Nikabonyeza.

Kisha hapakuwa na umeme wa kuzungusha kutoka laini hadi laini. Kila tulipotaka kuwawashia waliotangulia, amri ilikuja tukate zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia. Akaniuliza, "Sasa mgao gani huu usio na zamu?" Nikamwambia avumilie. Akasema, "Niko sawa. Usije ukaniwashia mimi peke yangu, watu watasema." Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

Saa nane mchana nilipiga, hakupokea. Barabara zilikuwa barafu tupu, waliotakiwa kutupokea zamu hawakufika, tulikuwa tunalala sakafuni kwa zamu. Lakini hata saa nane ile ningeweza kuiwasha laini yake na kuzima nyingine badala yake. Uwezo nilikuwa nao kwenye kidole. Niliitazama ile namba. Niliona nikiwasha nitakuwa nimekubali kwamba kuna jambo baya limetokea, na nisipowasha, basi amelala tu. Nikaiacha. Hili sijamwambia hata Yolanda. Nilifika kwake Jumanne jioni, na yaliyobaki unayajua.

Ile barua uliyoiandika, iliyobaki jina, weka langu uitume. Nitaisoma yote.

Delbert


Alder Park
24 Septemba 2021

Shangazi,

Sijui kama uliipata yangu ya Agosti. Simu yako inaita tu. Nilimpigia Bi Lidie, akaniambia u mzima ila siku hizi unakwenda misa ya alfajiri badala ya ile ya saa nne, na hukai kunywa kahawa na wenzako. Nilifurahi kusikia kwamba unatembea.

Nyumba imeuzwa. Waliohamia ni mke na mume na mtoto mchanga. Siku ya kukabidhi funguo, yule bwana aliniuliza nimshauri anunue umeme kwa nani, kwa kuwa amesikia nafanya kazi huko. Nilimwambia achague wowote, waya ni mmoja.

Kayleigh anauliza mbona hatuji Kostelka. Nimemwambia una kazi nyingi.

Sidai jibu.

Delbert


Kostelka
11 Novemba 2021

Kwako Delbert,

Barua zako zote mbili ninazo. Salamu kwa Yolanda na kwa Kayleigh. Mwambie aendeshe polepole. Hapa kumeanza baridi kidogo, nyasi za ng'ombe nimekwisha kuweka ghalani, na Lidie ameacha fimbo, ingawa akiona mtu anakuja huchechemea.

Nimekaa miezi mitatu bila kukujibu kwa sababu nilikuchukia. Nakwambia wazi kwa kuwa nawe ulinieleza wazi. Picha yako ya komunyo niliitoa ukutani nikailaza kabatini kifudifudi. Nilichukua ile barua, nikaandika jina lako juu kama ulivyosema, nikatafuta stempu. Kabla sijaifunga nikaisoma tena. Ni kali, Delbert. Nilimwuliza mtu huyo alikuwa anawaza nini, moyo wake umetengenezwa kwa nini, na analalaje. Nilipofika hapo kwenye kulala, nikaona siwezi kuituma kwako peke yako.

Oktoba ya mwaka jana, baba yako alipotoka hospitali, nilikaa naye wiki tatu, unakumbuka. Sanduku la barua lilikuwa linafurika. Nikamwuliza nifanyeje, akasema, "Zote zenye neno umeme ni wauzaji. Tupa tu, dada, usiharibu macho." Unanijua, mimi situpi karatasi. Nilizijaza kwenye mfuko bila kuzifungua, nikaja nazo huku za kuwashia jiko. Kwetu barua ya umeme ni moja tu, ikija unajua ni yako. Sikuwaza kwamba kwenu, katikati ya mia za kudanganya watu, kuna moja inayomtaka daktari.

Jumatatu ile asubuhi umeme wetu ulipokatwa, nilichukua mfuko ule nikawasha jiko. Bahasha moja ilifunguka ndani ya moto. Niliona jina la Edwin. Niliona neno oksijeni, na mstari wa saini ya daktari. Ilikuwa imeungua pembeni tu, ningeweza kuichomoa. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Nikasema moyoni, nitamwuliza akija Pasaka. Nikasukuma kuni ndani. Ilikuwa saa moja asubuhi. Simu yangu ilikuwa nzima, hapo mezani, na sikumpigia. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba saa ile alikuwa amekwisha kufa, hata ningepiga isingesaidia. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba saa kumi na mbili ulizungumza naye, na kwamba alicheka.

Usiniandikie kwamba barua ile haikuwa na maana. Ulikwisha kunieleza maana yake mwezi wa Aprili, bila kujua unamweleza nani. Nilikuwa nakuandama unipe jina kwa sababu nilitaka liwe la mtu nisiyemjua. Nilitaka sana, hata nikapanda basi kwenda kumtafuta.

Sikwambii kwamba nimekusamehe. Mimi mwenyewe sijajisamehe, na sioni nitaanzaje na wewe huku najiruka. Labda itakuja, labda nitakufa haijaja. Lakini nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu, na kwa barua yako naona nawe umechoka.

Jumapili iliyopita ilikuwa misa ya kuwaombea marehemu wa mwaka huu, na jina la Edwin lilisomwa. Nilikwenda ile ya saa nne. Baadaye, kwenye kahawa, Lidie akaniuliza mbele ya wanawake wa kwaya, "Enhe, Georgine, lile jina ulilolifuata hadi Austin, ulilipata?"

Nikasema nimelipata.

Wakasogeza viti. Lidie akasema, "Ni nani huyo mwanaharamu?"

Nikawaambia ni Delbert, mtoto wa Edwin, niliyemlea mimi. Nikawaeleza kila kitu, saa ngapi na kwa nini. Kisha nikawaeleza habari za mfuko wangu wa karatasi. Lidie alishika kikombe bila kunywa. Nikawaambia kwamba Krismasi utakuwa hapa na utakaa benchi moja nami, na kwamba atakayekuja kunipa mkono mimi aanze na wewe.

Njooni tarehe ishirini na tatu, barabara ikiwa nzuri.

Shangazi yako,
Georgine